Re: Binti wa miaka 6, kuigiza si mapema mno?
Dada, umeuliza kama bintiyo wa miaka 6 ni mdogo mno kwa kikundi cha maigizo hapa Moshi. Si mdogo hata kidogo. Mwigizaji Quvenzhané Wallis wa Louisiana, Marekani, mama mwalimu, baba dereva wa lori, alienda kwenye usaili wa filamu akiwa na miaka 5 tu, ilhali walitakiwa wa kuanzia 6. Akawapita maelfu! Mwaka 2013, akiwa na miaka 9, akawania tuzo ya filamu ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, mdogo kuliko wote waliowahi kuwania tuzo hiyo ya wanawake.

Mimi hufundisha watoto maigizo Jumamosi. Juzi kabinti ka miaka 6 kaliigiza muuza ndizi wa soko la Mbuyuni, kitenge cha mama kikiburuta chini, tukanyamaza wote. Mlete, ila masomo yasiguswe.