Mkataba wa mwaka mmoja mmoja, nitapata mkopo wa nyumba?

SWALI: Shkamoo dada. Me nipo Tanga, napika kambini huku Chongoleani kwenye mradi wa bomba la mafuta, mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja na huu ni wa tatu sasa. Mshahara laki tano na nusu. Nimepanga Makorora chumba na sebule, nina watoto wawili, nimechoka kuhamahama. Nataka benki wanikopeshe milioni 30 nijenge. Baba mdogo ananiuzia kiwanja Pongwe ila karatasi yake ni ya serikali ya mtaa tu. Nitapata kweli au najisumbua?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenigusa maana na mimi nlishapita hapo hapo. Nlienda benki moja na mkataba wangu wa miezi 18 nimeutia kwenye bahasha usije ukakunjika, yule kijana wa mikopo hata mshahara hakuuangalia, akafunua mpaka ukurasa wa mwisho, akachukua kalamu akaizungushia tarehe ya kuisha, akaniambia dada, mkopo wako mwisho wake ni hapa. Nlitoka pale nalia. Ila ndo utaratibu wenyewe, mikopo ya mshahara mara nyingi haivuki mwisho wa mkataba, na mkopo wa nyumba ni wa miaka 15 au 20.

Alafu tupige hesabu. Milioni 30, tuseme riba asilimia 17 kwa mwaka, miaka 15, kila mwezi unarudisha kama laki nne na elfu sitini. Unabaki na elfu tisini, watoto wale nini? Benki nazo zinaangalia hilo, zinataka angalau theluthi ya mshahara ibaki mkononi.

Lakini hiyo karatasi ya mtaa ndo inanitia wasiwasi kuliko hata mkataba. Benki ili iweke rehani inataka hati miliki, na karatasi ya mauziano hata iwe na mihuri mitano na dole gumba la kila mtu sio hati. Kwahiyo kabla hujampa baba mdogo hata shilingi, nenda idara ya ardhi pale halmashauri ya jiji, uliza eneo limepimwa? lina namba ya kitalu na kiwanja? kwenye mchoro wa mipango miji ni makazi au ni barabara? Kuna watu wamejenga mpaka lenta ndo wanaambiwa hapa ni eneo la wazi. Na mke wa baba mdogo asaini pia, usiogope kuonekana una maneno, maana sheria ya ardhi inamlinda mwenzi.

Kwa sasa mimi ningekushauri uingie saccos, yani chama cha akiba na mikopo. Nyingi zinakopesha hadi mara tatu ya akiba yako, wadhamini ni wanachama wenzio, unanunua kiwanja, unapima, unatoa hati kwa jina lako, alafu msingi, alafu bloku kidogokidogo. Mikataba yote mitatu itunze, na taarifa ya michango yako ya NSSF ichukue, hiyo inaonyesha miaka mitatu hujakaa bila kazi. Ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kausha damu, usiisogelee kabisa mdogo wangu, hata ya laki moja.

Siku ya kwenda ardhi mchukue baba mdogo muende wote, akianza kusema leo ana udhuru, kesho ana udhuru, pesa yako ibaki kwako kwanza.