Kruzi na limita si kitu kimoja

Je, kruzi (cruise control) na limita (speed limiter) za gari ni kitu kimoja, na kruzi inafaa kwenye mvua? Hapana, ni vitu viwili tofauti, na kwenye mvua zima kruzi. Kruzi hushikilia mwendo yenyewe hata ukiondoa mguu kwenye mafuta. Limita hukuzuia tu usipite kiwango ulichoweka, kazi ya kukanyaga mafuta inabaki yako. Ndiyo maana mimi hutumia limita mjini, na kruzi naiacha kwa barabara kuu iliyonyooka, kavu, isiyo na msongamano.

Shida ya mvua ni hii: tairi zikianza kuelea juu ya maji, unatakiwa uachie mafuta taratibu, na kruzi ya kawaida haijui hilo, inaendelea kuutafuta mwendo uliouweka. Tena mguu wako uko mbali na breki.

Kwenye mteremko mkali usiitegemee limita. Katika magari mengi inapunguza nguvu ya injini tu, haifungi breki, kwa hiyo gari linaweza kupita kiwango. Shusha gia.

Na tafadhali, kuwa makini sana na kitufe cha kurudisha mwendo. Kama uliweka kilomita 100 kwa saa na sasa uko kwenye eneo la 50, ukikibonyeza gari litaanza kuitafuta ile 100.

Kruzi za kisasa zinazofuata gari la mbele hufunga breki zenyewe, lakini vitabu vya magari hayo huonya kwamba zinaweza zisilitambue gari lililosimama. Soma cha gari lako, maana vitufe na tabia hutofautiana.