Maswali ya Wasomaji: Matairi ya makafi kwa kwadi ya mchangani

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mkaazi wa Maskati na msomaji wenu wa siku nyingi. Nina kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ya Yamaha Raptor 700, na mwanangu anatumia Honda ya cc 400. Majira ya baridi yakiingia huwa tunakwenda kwenye jangwa la mchanga la Sharqiya, hapa Omani, kupitia mji wa Bidiya, na mara nyingi tunakwama katikati ya mwinuko kwa sababu matairi yaliyokuja na mashine yanachimba tu bila kusogea. Muuza vipuri ananishauri nizifungie kwadi zote mbili matairi yenye makafi kumi na mawili ya urefu wa inchi moja, kwa hoja kwamba makafi yakizidi, nguvu nayo huzidi. Je, ushauri huo ni sahihi, na nizingatie nini kabla sijatoa pesa?
S.M., Maskati

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu S.M. Ushauri huo haufai kabisa kwa kwadi ya mwanao, na hata kwa yako una kasoro, kwa kuwa muuzaji amesahau kwamba kafi halizalishi nguvu yoyote: linaitumia ile inayotoka kwenye injini. Tairi la kawaida lina kashata fupi, yaani vinundu vya mpira, ambazo kwenye udongo hushika, lakini kwenye mchanga mkavu huchota kidogo kidogo na kuchimba kwenda chini hadi mashine ikae juu ya tumbo lake. Tairi la makafi ni laini mwili mzima isipokuwa zile kuta za mpira zilizolala kwa upana wake, na kila ukuta ukipita chini hukumbatia mchanga mwingi kwa pamoja na kuusukuma nyuma, kama mvuvi anavyosukuma maji kwa kafi la mtumbwi wake. Kadiri ukuta unavyokuwa mrefu, na kadiri kuta zinavyokuwa nyingi, ndivyo mzigo wa mchanga unavyokuwa mkubwa kwa kila mzunguko wa gurudumu, na mzigo huo wote hubebwa na injini, klachi na cheni.

Mchangani gurudumu linatakiwa liteleze kidogo, likizunguka haraka kuliko mashine inavyokwenda, ili kwadi ibaki juu ya mchanga isizame. Makafi yakiwa makubwa kupita uwezo wa injini, tairi hushika mno, mzunguko wa injini huporomoka katikati ya kilima, nawe unalazimika kurudi gia ya chini wakati mwendo umekwisha; hapo ndipo watu hukwama wakadhani kwamba wanahitaji makafi makubwa zaidi. Makafi yakiwa madogo kuliko uwezo wa injini, mambo huwa kinyume chake: injini hulia kwa sauti ya juu, mchanga huruka nyuma kwa wingi, na mashine hupanda kwa uvivu.

Kwa Raptor yako, kwa hiyo, mimi ningechagua makafi kumi yenye urefu wa karibu robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 hivi. Injini yake ni ya silinda moja yenye nguvu nyingi hata kwenye mzunguko wa chini, na inaweza kuyavuta hayo bila kuugulia. Kwa Honda ya mwanao ningeshuka hadi makafi manane, au hata sita ikiwa ataipata saizi hiyo, na urefu uwe kati ya nusu inchi na robo tatu. Uzito wa mpandaji nao uhesabiwe: kijana mwembamba na mtu mzima mwenye mwili wake hawaiachii injini ileile akiba sawa ya nguvu. Wauzaji wengine watakuambia ununue makafi marefu kwa sababu yanaweza kupunguzwa kwa msumeno, ilhali mafupi hayaongezeki. Hilo ni kweli, na wapo wanaofanya hivyo, lakini kazi hiyo inataka mkono uliotulia sana, kwani makafi yasiyolingana humpa mpandaji mtikisiko usiokwisha.

Ukishayafunga, yajaribu kwenye kilima kimoja unachokifahamu, kwa gia ya tatu, ukiwa umevuta mafuta yote, kisha usikilize. Mlio ukishuka wakati mashine bado inapanda, makafi yamezidi. Mlio ukipanda huku mwendo hauongezeki, yamepungua. Mlio ukibaki palepale, au ukishuka kidogo tu karibu na kilele, umepata unachokitaka. Jaribio hilo lifanywe asubuhi na pia mchana, kwa maana mchanga wenye unyevu wa umande ni mgumu na mzito zaidi kuliko ule uliokaushwa na jua.

Umbo la makafi ni jambo ambalo wengi hulipuuza, nami naliona kuwa muhimu kwa mahali hasa mnapokwenda. Vilima vya upande wa kaskazini wa Sharqiya vimejengwa na pepo za kusi vikawa safu ndefu zilizolala kusini kwa kaskazini, baadhi yake zikikaribia urefu wa mita 100, na katikati yake yamebaki mabonde yenye ardhi ngumu kidogo na miti ya mighafu. Maana yake ni kwamba mtu hapandi na kushuka tu: huvuka ubavu wa safu kwa mshazari, au hufuata bonde kwa kilomita nyingi. Kafi lililonyooka kutoka ubavu mmoja wa tairi hadi mwingine linasukuma vizuri mno kwenda mbele, ila kwenye ubavu wa kilima huiacha sehemu ya nyuma iteleze kushuka, na bondeni hugonga ardhi kafi baada ya kafi hadi mikono ife ganzi. Kafi lenye umbo la mkunjo, ambalo pembe yake iko katikati ya tairi, hupoteza kidogo katika kupanda moja kwa moja, lakini linakwenda kwa ulaini zaidi na huvumilia mishazari. Kwa safari zenu ningelichagua hilo la pili bila kusita. Lililonyooka niwaachie wanaoshindana kupanda kilima kimoja mchana kutwa.

Kuhusu saizi, tairi la nyuma la Raptor 700 lililotoka kiwandani limeandikwa 20x10-9, yaani kimo cha inchi 20, upana wa inchi 10 na rimu ya inchi 9. Watengenezaji wa matairi ya mchanga, wakiwemo Skat Trak, ITP na Sand Tires Unlimited wa Marekani, hutoa saizi ya 20x11-9, na inchi hiyo moja ya ziada huisaidia mashine kuelea. Usishawishike kwenda kimo cha inchi 22, kwa sababu tairi refu ni sawa na kuongeza gia: injini itachoka kabla ya kilima.

Nunua matairi hayo pamoja na rimu zake za pili, wala usibadilishe matairi juu ya rimu zilezile kila safari. Mpira wa tairi la makafi ni mwembamba ili uwe mwepesi, na makafi huliwa upesi sana kwenye changarawe. Kwadi ibebwe kwa tela au pikapu hadi ukingoni mwa mchanga, magurudumu yabadilishwe hapo, na ya kawaida yarudishwe kabla ya kupita penye mawe. Angalia pia kwamba magurudumu ya nyuma ya Raptor na ya Honda hayaazimani: mashimo manne ya nati kwenye Yamaha yako yamo katika duara la milimita 115, na ya Honda katika duara la milimita 110. Tofauti hiyo haionekani kwa macho dukani, lakini itaonekana Bidiya.

Magurudumu ya mbele kwenye kwadi zenu hayavuti, kazi yake ni kuongoza tu. Kashata za kawaida zinaweza kukufaa kwa msimu wa kwanza, ingawa ukikata kona kwa kasi utaona mbele inasukumwa moja kwa moja badala ya kugeuka. Dawa yake ni tairi laini lenye uti mmoja ulioinuka katikati, unaokata mchanga na kuupa usukani kitu cha kushika. Mwenye kwadi inayovuta kwa magurudumu yote manne asiufuate ushauri huu wa mbele, kwa kuwa kwake ni lazima uwiano wa kimo cha matairi ya mbele na ya nyuma ubaki kama ulivyopangwa na kiwanda, la sivyo gia zitapigana.

Upepo wa matairi uwe mdogo, karibu paundi nne hivi kwa inchi ya mraba kwa nyuma, na kitabu cha mashine ndicho kiwe mwamuzi. Kipimo cha upepo wa gari hakifai hapa, kwa kuwa hakiwezi kukuonyesha tofauti ya paundi moja, na paundi moja katika nne ni nyingi. Ukipunguza mno, tairi litachomoka kwenye rimu siku utakapotua kwa ubavu.

SWALI: Nilinunua matairi ya makafi yaliyotumika, fundi akanifungia, lakini kwadi yangu inapanda vibaya kuliko ilivyokuwa kwanza. Je, nimeuziwa matairi mabovu?
Msomaji, Sur

JIBU: Kabla ya kumlaumu aliyekuuzia, chunguza upande yalivyofungwa. Kafi lina uso wa kusukuma, ambao mara nyingi umebonyea kama kijiko, na mgongo wa nyuma yake. Simama kando ya kwadi ulitazame kafi lililo juu kabisa ya tairi: ule uso uliobonyea unapaswa kuelekea mbele ya mashine, ili likifika chini liwe linaelekea nyuma na kusukuma. Baadhi ya matairi yana mshale ubavuni unaoonyesha jinsi ya kuzunguka. Ukikuta yote mawili yamegeuzwa, usihangaike kuyavua kwenye rimu. Chukua gurudumu la kulia ulifunge kushoto, na la kushoto kulia. Ukikuta moja limegeuzwa na moja liko sawa, hilo moja halina budi kurudi kwa fundi livuliwe.

Ikiwa yote yako sahihi, kunja mpira kwa vidole kwenye shina la kila kafi uangalie nyufa. Matairi haya hutumika siku chache za mwaka na kukaa juani siku zilizobaki, hivyo huweza kuonekana mapya kwa urefu wa makafi huku mpira wake umeshakauka. Tafuta ubavuni tarakimu nne, ambazo mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Zikionyesha umri mkubwa na nyufa zipo, kafi litang'oka likiwa mzigoni, na kipande cha mpira kinachorushwa kwa mwendo huo kinaweza kumjeruhi anayekufuata.