Re: Sukrosi imegoma kubadilika rangi kwenye Benedict

Habari mkuu. Umechemsha sukrosi (sukari ya kawaida) na asidi ili ivunjike kuwa sukari ndogo kama glukosi, ukatia Benedict (kimiminika cha buluu cha kupimia sukari hizo ndogo), bado buluu tupu. Je, uliondoa ukali wa asidi kwanza? Hapo ndipo wengi hukwama: Benedict hufanya kazi kwenye alkali tu.

Rudia hivi: sukrosi sm³ 2, asidi hidrokloriki hafifu sm³ 1, chemsha dakika mbili, acha ipoe. Tia sodiamu bikaboneti kidogokidogo mpaka povu likome (ukimwaga kwa pupa itafurika mezani). Ndipo Benedict sm³ 2, chemsha tena. Itapita kijani na njano hadi wekundu wa matofali.

Pima pia sukrosi isiyotiwa asidi. Hiyo nayo ikibadilika, testitubu hazikuoshwa vizuri au sukari ina glukosi.