Majengo ya Bugando ni ya nani?

SWALI: Anko mhariri, mdogo wangu anasomea unesi pale chuoni Bugando, Mwanza. Wengine wanasema serikali ndo ilijenga, wengine kanisa, nani mkweli? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Kanisa Katoliki ndo lilijenga, ila hao wengine nao wana sababu, maana hospitali ilifunguliwa 1971, baadae serikali ikaichukua, ikarudishwa kwa kanisa 1985 kwa makubaliano, na mpaka leo ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Chuo kikuu ni kichanga, kilianza 2003 chini ya SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) ya Nyegezi, sasa kinajitegemea, kinaitwa CUHAS, yaani Chuo Kikuu Katoliki cha Sayansi za Afya. Kwa hiyo mdogo wako anasoma kwenye mlima uleule walipo wagonjwa, na kwa nesi hilo ni jambo kubwa sana jamani.