Kanoti inakosa nguvu katikati ya ziwa

SWALI: Papa fundi, jambo. Niko Goma, upande wa Kituku. Nina kanoti ya zamani yenye moteri ya MerCruiser, silinda 4, lita 3. Moteri imekaa ndani, mguu wa elisi uko nyuma. Ilipandishwa kutoka Uvira. Asubuhi inawaka vizuri na kutoka kwa nguvu. Baada ya kama robo saa tukielekea kisiwa cha Idjwi, mizunguko inashuka kutoka 4,000 hadi 2,800, hata nikisukuma gesi mpaka mwisho. Nikipunguza tukaelea dakika moja au mbili, nguvu inarudi, kisha inapotea tena. Nimebadilisha buji na kusafisha karburateri. Fundi wa hapa anasema pistoni zimechoka, moteri ifunguliwe yote. Nimpe hiyo pesa? — Msomaji, Goma

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usimpe bado. Pistoni zilizochoka hazingoji robo saa. Zingekunyima nguvu tangu unapotoka ufukweni, pengine na moshi wa buluu juu yake. Moteri yako inaanza na nguvu, inaishiwa, ikipumzika inapata tena. Hiyo ni njaa: esanse, yaani petroli, haifiki kwa kasi inayotumika.

Umefanya vizuri sana kuandika mizunguko. Kama mshale wa mizunguko ungepanda huku kanoti ikijivuta tu, ningekutuma kwenye elisi, kwa sababu mpira ulio katikati yake ukichoka huteleza. Wako unashuka, kwa hiyo tuiache elisi kwanza.

Anza na kitundu cha kupumulia cha tangi, kile kidogo kilicho ubavuni mwa kanoti, ambacho karibu hakuna anayekikumbuka. Esanse ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Buibui au nyigu wakijenga humo, tangi linabana na pompi inavuta bure. Nenda karibu na ufuko, bila abiria, bila sigara. Nguvu ikianza kushuka, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa ndani, fsss, na mshale ukapanda, umeshapata ugonjwa.

Kama hakuna kilichobadilika, fuata mpira wa esanse. Pale unapoungana na tangi huwa kuna valvu ndogo yenye kigololi na springi, nayo hukwama kwa kutu na uchafu. Isafishe au ununue nyingine, lakini usiitoe ukaacha wazi: mpira ukikatika, ndiyo inayozuia esanse kumwagika chini ya moteri. Mpira wenyewe ukate kipande cha mwisho uchungulie. Mpira mzee unang'aa nje, na ndani ngozi yake imebanduka, inalala kama ulimi kila pompi inapovuta kwa nguvu. Filtri nayo imwage ndani ya chupa nyeupe inayoonyesha ndani uiache itulie. Sisi tunaonunua kwa makadafi, wauza esanse wa barabarani, tunajua: maji yatakaa chini, esanse juu.

Ukitaka jibu la haraka, funga bidoni safi yenye mpira wake mpya moja kwa moja kwenye pompi ya moteri, utembee kando ya ufuko kwa muda ule ule. Ikikaa na nguvu, kosa liko kwenye tangi au njia yake. Ikishuka hata hapo, pima pompi, halafu bobini, ile koili inayotengeneza umeme wa cheche za buji. Bobini ikipata joto nayo hudhoofisha cheche, ila kwa kawaida haiponi kwa dakika mbili. Inataka kupoa kabisa.

Kabla ya kuwasha, kila mara, washa feni ya kutoa hewa kwa dakika 4 na unuse ndani ya sanduku la moteri. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unalala chini kule, na cheche moja inatosha kuwachoma watu wote mlio nao. Ndiyo maana nakusihi: usikubali pompi wala alternateri ya gari. Za kanoti zimezibwa makusudi.

Kuhusu pistoni, mwambie fundi apime kwanza kompresioni, yaani mgandamizo, ya silinda zote 4. Namba zikiwa nzuri na zikikaribiana, hakuna cha kufungua.

Limebaki la Uvira. Tanganyika, ziwa la Uvira, iko mita 770 hivi juu ya bahari, Kivu yetu iko kama 1,460. Moteri ya namna hii hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo kupanda huku kumekula asilimia 7 hivi. Hiyo haiji na kuondoka, iko tangu unapowasha. Moteri yako inatakiwa kufika kati ya 4,400 na 4,800 gesi ikiwa wazi yote. Ukishamaliza njaa na bado inagota 4,100 ukiwa na mzigo wako wa kawaida, tafuta elisi yenye hatua (umbali inaosonga kwa mzunguko mmoja) ndogo kwa inchi 2. Kila inchi huongeza mizunguko 150 hadi 200. Buji zikitoka na masizi meusi, mwambie fundi apunguze pia jigleri ya karburateri, kile kitundu kinachopima esanse.