Fundi Anajibu: Kitambaa Gani cha Suti kwa Joto la Ziwani?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kitambaa, na nimefurahi. Wateja wengi wa hapa Kigoma, Mwanga na Ujiji, hufika kwa fundi kitambaa kimeshakatwa dukani na pesa imeshalipwa, fundi anabaki kushona alicholetewa hata kama anaona wazi kuwa mwenye nguo atateseka nayo. Mkiuliza kabla ya kununua mnatusaidia sote.

Shikamoo fundi. Naoa mwezi wa kumi hapa Ujiji. Dukani nimeonyeshwa kitambaa cha bluu ya giza, pembeni kimeandikwa "Super 150", muuzaji anasema ni sufu tupu ya Italia. Bei yake ni ndogo kuliko nilivyotegemea. Nichukue?

Marahaba, na hongera sana. Usilipe kwanza. Maandishi ya pembeni mwa kitambaa hayathibitishi kitu, kwa kuwa kiwanda chochote kinaweza kuyaweka. Muombe muuzaji akuruhusu kuchomoa nyuzi chache, za urefu na za upana, maana vipo vitambaa vilivyochanganywa upande mmoja tu. Zishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, mbali na jora, uwashe kiberiti. Sufu huungua kwa kusitasita, ukiondoa moto inazimika yenyewe, inanuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake ukiyasugua vidoleni yanakuwa unga mweusi. Poliesta inajikunja na kuyeyuka, ikipoa inaacha kijidonge kigumu ambacho hakisagiki. Visko (nyuzi zinazotengenezwa kwa massa ya miti) na pamba huungua haraka kama karatasi. Ukiona kijidonge pamoja na majivu ya karatasi, hiyo ni poliesta na visko, kile kitambaa tunachokiita TR, ambacho ndicho kimejaa madukani kwetu. Si kitambaa kibaya, na nimeshona suti nyingi nzuri kwa TR. Kibaya ni kukiuza kwa jina la sufu.

Sasa hiyo namba. Super inaeleza wembamba wa unyoya wa sufu, basi. Katika Super 100 unyoya hauzidi maikroni 18.75 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na katika Super 150 hauzidi 16.25. Namba ikipanda, kitambaa kinakuwa laini zaidi, lakini pia kinachakaa upesi na kujikunja zaidi. Kwa hiyo hata kama ingekuwa sufu kweli, 150 ni ya mtu mwenye suti nyingi kabatini. Wewe unayetaka kuivaa harusini na kisha uende nayo kanisani au ofisini kwa miaka kadhaa, Super 100 au 110 itakutosha.

Kwa Oktoba ya Ujiji, jambo la kutazama kuliko namba ni uzito na ufumaji. Mvua zinakuwa bado hazijakaza, na joto la ziwani lina unyevu. Tafuta kitambaa cha gramu 220 hadi 260 kwa mita moja ya urefu. Kama hakuna maandishi, kipime: mita tatu zinatakiwa zikaribie robo tatu ya kilo, na mizani ya duka la jirani inatosha. Kisha kiinue kwenye mwanga. Ukiona vitundu vidogo vinavyopitisha nuru, hewa nayo itapita. Sufu nyepesi iliyofumwa hivyo ina faida kubwa kwetu: inaweza kunyonya mvuke wa jasho hadi karibu theluthi ya uzito wake bila wewe kuhisi umelowa. Poliesta hainyonyi karibu chochote, ndiyo maana jasho linabaki mgongoni.

Na tafadhali, usimalize pesa yote kwenye kitambaa cha nje ukasahau bitana. Nimeona sufu nzuri kabisa ikitiwa bitana ya poliesta mwili mzima, na mvaaji akatoka jasho kana kwamba amevaa nailoni. Mwambie fundi wako atie nusu bitana: mabegani, mikononi na mbele, mgongo ubaki wazi kuanzia chini ya mabega. Mshono wa ndani utaonekana, hivyo lazima aumalize kwa usafi, na atakudai zaidi kidogo. Mlipe, kazi hiyo inachukua muda.

Mimi ni mwalimu Kasulu. Nina uwezo wa suti moja tu, nitaivaa karibu kila wiki. Kitambaa gani kitanivumilia?

Mwalimu, kwako sisemi sufu tupu. Mchanganyiko wa sufu na poliesta, ule wa poliesta asilimia 55 na sufu 45 au unaokaribia hapo, unadumu sana na unarudisha umbo baada ya kukaliwa. Ukikosa, chukua TR nzito kidogo, yenye ufumaji wa mistari ya mshazari. Kasulu iko juu, asubuhi za Juni na Julai zina baridi, kwa hiyo gramu 280 hazitakusumbua kama zingemsumbua mtu wa Ujiji. Kabla ya kukata shauri, kikunje kitambaa kwenye ngumi ukihesabu hadi kumi, ukiachie. Kikibaki na makunyanzi makali, kirudishe kwa muuzaji.

Nunua kitambaa cha koti moja na suruali mbili, kwa siku hiyohiyo na kutoka jora hilohilo. Suruali huisha kabla ya koti: mapajani husuguana, na makalioni huanza kung'aa. Ukirudi dukani baada ya mwaka kutafuta ya kufanana, hutaipata. Mwambie fundi aachie inchi moja ya ziada kwenye mshono wa nyuma wa suruali, ili ukinenepa ipanuliwe. Na pasi isiguse kitambaa moja kwa moja, weka kipande cha pamba chenye unyevu katikati. Ule mng'ao wa suti za zamani mara nyingi ni wa pasi.

Rangi: kijivu cha mkaa. Inakubali mashati yote na haionyeshi vumbi la chaki kama nyeusi.

Mita ngapi zinatosha suti ya vipande viwili?

Kwa kitambaa cha upana wa inchi 58 hadi 60, mtu wa umbo la kawaida mita tatu na nusu. Koti peke yake mita mbili. Mrefu sana au mnene aongeze nusu mita, na kitambaa cha drafti kiongezewe nusu mita kwa mtu yeyote, maana mistari lazima ikutane kwenye mishono na mifukoni.

Fundi, nataka kumshonea mwanangu koti la kitenge kwa mahafali yake. Jirani yangu alishona, likafuliwa mara moja, likawa kama la mdogo wake. Kosa ni la nani? — Mama wa Gungu

Mama, pole ya jirani. Kitenge ni pamba, na kingi huja na wanga unaokifanya kisimame. Kikifuliwa wanga unatoka, nyuzi zinarudi, nguo inasinyaa. Dawa ni kukifua kabla hakijakatwa: kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kikaushe kivulini, kipigwe pasi, ndipo kipelekwe kwa fundi. Bitana nayo ilowekwe, la sivyo ya nje itakaa na ya ndani itavuta.

Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, kwa hiyo kwa koti la kijana mkubwa usipungue yadi nne. Kinacholeta ubadhirifu ni maua. Kama ua ni kubwa, fundi anatakiwa alipange ili ua moja likae sawa kifuani kushoto na kulia, na mfuko uangukie juu ya ua uleule usionekane umebandikwa. Kabla hajashika mkasi, muombe alaze vipande vyote mezani uvione. Fundi mzuri hatachukia. Mimi ningekushauri maua madogo kwa koti, makubwa yabaki kwa gauni lako siku hiyohiyo.

Kwaya yetu ya Uvinza inataka makoti ya sare. Tununue kidogo kidogo kadiri michango inavyoingia?

Hapana. Subirini michango itimie mnunue kwa pamoja. Rangi ya kitambaa hutofautiana kidogo kati ya mkupuo mmoja wa kiwanda na mwingine, hata jina na namba vikiwa vilevile, na mkisimama mstari mmoja juani tofauti itaonekana. Chukueni majora ya mkupuo mmoja, myafungue mlangoni kwenye mwanga wa jua, myalinganishe. Ongezeni mita chache za akiba kwa wanakwaya wapya.

Je, suti ya mtumba ya sufu ni bora kuliko mpya ya TR?

Mara nyingi ndiyo, kama mabega yanakukaa. Hapo ndipo pa kuanzia. Livae koti, liegemeze bega ukutani: kama pedi inagusa ukuta kabla ya mkono wako, ni kubwa, liache hata liwe zuri vipi. Kiuno hupunguzwa, mikono hufupishwa, suruali hukatwa, lakini kufumua mabega ni karibu kushona koti upya.

Kisha pinda kola uangalie chini yake, na ubane kifua kwa vidole viwili. Ukiona mapovu madogo kama ngozi iliyoungua, ujue gamu, yaani kitambaa cha kukaza kilichobandikwa ndani kwa pasi, imeachia kitambaa cha nje, na mapovu hayo hayaondoki kabisa. Mwisho, liinue juani utafute vitundu vya nondo, hasa makwapani na chini ya kola, kwa sababu nondo hupenda sufu yenye jasho. Likiwa salama, lisafishwe kabla ya kuingia kabatini mwako, lisije likaambukiza mengine, na likae kwenye hanga pana lenye nafasi ya hewa. Kwa unyevu wetu wa masika, koti lililobanwa katikati ya nguo nyingine huota ukungu.